Doa la Pili

Mboza Shekigenda alikuwa amelisema neno lile mara nyingi mno katika miaka kumi na tisa, hata siku hizi mdomo ulikuwa unafika kabla ya macho. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya Jumamosi kwenye kijito cha Mkulumbi. Watu wa kijiji walikuwa wamejipanga chini ya miti mikubwa, mmoja nyuma ya mwenzake. Hakuna aliyekunywa chai, hakuna aliyejipaka mafuta, na walioota moto alfajiri walikuwa wamerudishwa nyumbani wakaoge kwanza. Kereng'ende hapendi moshi.

Saumu akapanda juu ya jiwe la kusimamia. Alikuwa jirani yake Mboza, binti wa miaka ishirini na minne, mumewe yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge. Mtoto wake wa miezi minne, Hoza, alimwachia mama mkwe, Bi. Chausiku, pale mstarini.

"Pumua, mwanangu," Mboza akamwambia, kama anavyowaambia wote.

Saumu akapumua polepole, mdomo wazi. Kereng'ende mmoja akatoka kwenye kivuli cha majani, akakizunguka kichwa chake mara mbili, akashuka. Tumbo lake lilikuwa jekundu. Akatua kifuani, chini kidogo ya shingo, akainua mkia juu.

"Ameona," Mboza akasema.

Mstari mzima ukarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja. Hakuna aliyelia, maana watu walishazoea kulia wakiwa wamefika mbali. Bi. Chausiku akamfunika mtoto uso kwa kanga.

Hapo ndipo Mboza akainama na lenzi yake, kutimiza tu kanuni. Kanuni inasema lenzi kwanza, neno baadaye. Lakini kanuni iliandikwa na watu waliokaa kwenye viti, na msomaji wa mabawa husimama ndani ya maji ya baridi tangu jua halijachomoza. Siku hizi Mboza alikuwa akiona tumbo jekundu, basi, anasema. Kijito kizima hakikuwa na mwingine mwenye tumbo jekundu.

Kereng'ende wa Mkulumbi ana doa moja jeusi kwenye ncha ya bawa. Huyu alikuwa nayo mawili.

Mboza akafuta lenzi kwa upande wa kanga, akatazama tena. Mawili. La pili lilikuwa dogo kama mbegu ya mchicha, limejibanza nyuma ya la kwanza. 

"Shangazi," Saumu akanong'ona, "umeona nini?"

Mboza alimchukua yule kereng'ende kwa vidole viwili, akamtia kwenye kitundu cha neti kama desturi, huku wabebaji wenye barakoa wakishuka njiani na machela. Angeweza kusema pale pale. Lakini neno la msomaji halirudi kinywani, hata mtoto mdogo wa Mkulumbi anajua hivyo. Mwaka wa kwanza kabisa msomaji mmoja alilirudisha neno kwa ajili ya kaka yake, na kabla ya mwezi kwisha walizikwa watu themanini. Tangu siku hiyo likishatoka limetoka.

Saumu akafunikwa blanketi, akapelekwa Ng'ambo, kule wanakotengwa wagonjwa. Alipogeuka kumtafuta mtoto kwa macho, Mboza aliona kanga yake imelowa kifuani. Maziwa.

*

Homa ya kimya haina huruma na haina haraka. Aliyeibeba anaweza kutembea mwezi mzima akiwa mzima kama chuma, analima, anacheka, anabeba watoto wa wenzake, na huku anawamalizia wenzake pumzi. Wanaokaa naye chumba kimoja ndio wanaoanza kukohoa, siku ya saba, ya nane, mwisho ya tisa. Ndiyo maana vipimo vya kawaida vilishindwa. Mume wa Mboza alikufa hivyo, kwa pumzi ya mtu aliyekuja kumwazima jembe.

Baadaye wakaja watu wa maabara, wakaingia msituni kuwatafuta kereng'ende wa kivuli. Ni jamii moja hiyo, lakini ina aina zake, na kila aina ina kijito chake. Hawapendi jua. Hawavuki hata shamba la chai. Mwenye tumbo jekundu anakaa Mkulumbi, mwenye tumbo la njano na madoa mawili anakaa Zungwi, kijito cha nyuma ya kilima, na wale wa mabawa ya rangi ya moshi wanakaa juu kwenye chemchemi. Watu wa maabara walibadili aina mbili tu. Wa Mkulumbi wakamfundisha, tangu yuko kwenye yai, kunusa homa ya kimya katika pumzi ya binadamu. Wa Zungwi wakamfundisha kunusa mimba na maziwa, ili wauguzi wawajue mapema wanawake wa kuwatembelea. Ule mradi wa Zungwi ulikufa kwa kukosa watu. Wakaondoka, wakawaacha wadudu.

"Hawa hawachanganyiki," walimwambia Mboza wakati ule, akiwa mwanafunzi wao. "Ni kama mbuzi na kondoo."

Sasa Mboza alikaa jikoni kwake, kitundu mezani, akiwaza habari ya kiangazi cha mwaka juzi.

Kiangazi kile Zungwi ilikauka. Kikabaki kidimbwi kimoja cha matope, na ndani yake mabuu ya kereng'ende yanagaagaa pamoja na kaa wadogo na viluwiluwi. Wanawake wa upande ule wa mlima wana desturi yao. Ukienda kuteka maji ukakuta kidimbwi kinakata roho, unachota vilivyomo, unavipeleka kwenye maji yanayotembea. Bibi yake Mboza alimfundisha akiwa na miaka sita: kiumbe cha maji hakiachwi kife kwenye tope, maana wewe mwenyewe ulikaa kwenye maji miezi tisa na hakuna aliyekuacha. Basi Mboza akachota. Kibuyu kimoja, safari mbili. Akavuka kilima akawamwaga Mkulumbi, akarudi nyumbani moyo mweupe kabisa, amefanya jambo jema.

Mabuu yote yanafanana. Doa halionekani mpaka mdudu apate mabawa.

Akawahesabu kwa vidole wanawake aliowatolea neno tangu masika. Nanzia, mke wa fundi seremala. Mwanaisha wa kule juu. Yule mgeni aliyeolewa kwa akina Kaoneka. Bi. Sikudhani, ambaye alikuwa na mapacha. Walikuja mmoja mmoja, wiki kadhaa katikati, wamechanganyika na wanaume na wazee ambao kweli walikuwa wagonjwa. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Wote wanne walikuwa wananyonyesha. Nanzia na Mwanaisha walishazikwa huko huko Ng'ambo.

Kereng'ende waliowatua hakuwatazama kwa lenzi hata mmoja.

Mboza akajikuta ameshika meza kwa mikono miwili. Alitaka kulia, kilio kikagoma. Kilichokuja ni hofu, hofu ya mtoto aliyevunja mtungi, halafu nyuma yake ikaja kubwa zaidi. Mto ukichanganyika unatiwa dawa. Hiyo nayo ni kanuni. Dawa inaua kereng'ende wote kuanzia chemchemi hadi bondeni, na vijiji vitatu vitabaki bila jicho. Wengine wataletwa, ndiyo, lakini kuwalea ni miaka miwili. Katika miaka miwili homa ya kimya inaweza kumaliza watu ikasahau ilianzia wapi.

Na tena hakuwa na hakika. Huyu chotara huenda ana pua mbili. Huenda amenusa maziwa, huenda amenusa homa. Akisema leo, huenda anamrudisha Saumu na kifo mgongoni. Akajiambia hivyo mara nyingi siku ile, na kila aliposema alipata nafuu kidogo, na ile nafuu yenyewe ikamtia aibu. Siku ikapita hivyo. Angekwenda mchana ule ule, mambo yangekuwa mengine.

*

Asubuhi ya pili akachukua kitundu na uzi wa kushonea, akashuka hadi mto mkubwa, akavuka daraja.

Ng'ambo ni nyumba mbili ndefu chini ya miti, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na uzio wa waya unaozizunguka. Wenyeji huja hadi kwenye kamba nyekundu, hatua ishirini kutoka uzioni, wakiwa upande unakotoka upepo. Mboza aliipita kamba. Mlinzi akamwita mara moja, halafu akamtambua ni msomaji, akanyamaza na kurudi nyuma yeye.

Mzee Singano alikuwa amekaa kwenye benchi la uzioni, shuka begani, anakohoa. Mboza ndiye aliyemleta huku wiki tatu zilizopita.

"Msomaji," mzee akasema. "Umekuja kuangalia mavuno yako?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema ulilonalo, mimi pumzi sina nyingi."

Mboza akafunga uzi kwenye mguu wa kereng'ende, fundo legevu, kama watoto wanavyowafunga kuwachezea. Akakosea fundo mara mbili. "Naomba umpumulie huyu. Sogea wayani."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Mzee Singano alikuwa mkorofi tangu ujana wake, lakini hakuwa mjinga. Akaweka kiganja mdomoni kumkinga Mboza, akapumua kwa pembeni, kuelekea kwa mdudu. Ni pumzi ya mtu ambaye mapafu yake yameshaoza nusu, na kereng'ende yeyote wa Mkulumbi angemrukia kama nzi kwenye embe.

Kereng'ende akaruka, akapita mbele ya uso wa mzee, akapita tena. Hakutua. Mzee akapumua mara ya tatu, akakohoa mpaka akainama. Mdudu akageuka, akauvuta uzi kuelekea kulia, kwenye nyumba ya wanawake. Mboza akamfuata kando ya uzio. Mdudu akaenda moja kwa moja hadi dirisha la tatu, akatua kwenye wavu wa dirisha, akainua mkia.

Nyuma ya wavu alikuwa Saumu, amejifunga kitambaa kifuani kukaza maziwa. Nyuma yake watu walikuwa wanakohoa, wengi, kwa zamu, kana kwamba wanajibizana. Chumba kilikuwa na vitanda kumi na viwili.

"Shangazi," Saumu akasema. "Mwanangu anakula nini?"

"Maziwa ya ng'ombe. Yanachemshwa."

"Anayakubali?"

"Anayakubali," Mboza akadanganya.

Aliporudi kwenye benchi, mzee Singano alikuwa anajipangusa mdomo. "Amenikataa mchumba wako," akasema. Halafu uso ukambadilika, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. "Yule binti hana kitu. Na amelala mle siku mbili."

"Siku moja na usiku mmoja."

"Pumzi haihesabu hivyo, Mboza," akasema mzee. "Kimbia."

*

Bwana Afya Mbelwa alimsikiliza hadi mwisho bila kugusa chai yake. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, aliyepoteza watoto wawili kwa homa ile ile. Mboza alipomaliza, akainuka akafunga mlango wa ofisi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Singano."

"Singano hana wiki mbili." Akakaa. Akaongea polepole, kama mtu anayepita juu ya ubao mbovu. "Sikiliza, dada yangu. Mimi leo sijasikia kitu. Kuanzia Jumamosi unatumia lenzi. Madoa mawili, unanyamaza. Doa moja, unasema. Kwisha. Mto unabaki, jicho linabaki."

"Na Saumu?"

Mbelwa akatazama mikono yake. "Neno halirudi. Nikimtoa lazima niandike kwa nini, nikiandika kwa nini wanaleta dawa. Ni mtu mmoja, Mboza. Kule chini kuna vijiji vitatu."

"Wamekwenda watano."

"Wanne hatuwezi kuwasaidia."

Wallahi lilikuwa neno zuri, na Mboza alilitamani. Lilikuwa limetandikwa kama kitanda. Akajiona Jumamosi ijayo juu ya kijito, lenzi mkononi, macho ya miaka hamsini na moja yanayotoa machozi kwenye baridi, anatafuta doa kama mbegu ya mchicha. Siku moja ataliona mahali lisipokuwapo, amwache mwenye homa arudi kwa wanawe. Na mwakani chotara watakuwa wengi kuliko wazazi wao. Mwaka wa tatu watakuwa na madoa matatu, nani ajuaye wananusa nini. Watu wataendelea kusimama juu ya jiwe wakiamini.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Hilo jicho limeshapofuka, Bwana Mbelwa. Tunalo tu usoni."

"Unajua watakaokufa?"

"Sijui ni nani. Ndiyo maana naogopa. Naogopa sana. Lakini andika. Andika ni mimi, kwa kibuyu, safari mbili. Na andika sikutumia lenzi."

Mbelwa akaisogeza kando chai iliyokwisha kuweka utando. Kisha akavuta karatasi.

*

Dawa ilitiwa siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Haikuwa na rangi wala harufu. Mboza alilazimishwa kusimama pale jiweni na watu wote wakiwa wanatazama, akasema kwa kinywa chake alichofanya. Hakuna aliyemrushia jiwe. Fundi seremala, mume wa marehemu Nanzia, alimsogelea hadi karibu kabisa, akamtazama, akaondoka. Hiyo ilimuuma kuliko jiwe.

Kereng'ende walianza kushuka saa sita. Walitua juu ya maji mabawa wazi, wekundu, mmoja mmoja, na kijito kikawachukua. Watu wakaanza kutazamana. Mtu akapiga chafya mahali fulani nyuma, na umati mzima ukafunguka kumkimbia, wakakumbuka kwamba sasa itakuwa hivi kila siku. Wakatawanyika, kila mtu na njia yake, nguo midomoni.

Saumu alirudishwa alasiri. Bi. Sikudhani na yule mke wa akina Kaoneka hawakurudi. Walikuwa wameshaanza kukohoa.

Wabebaji walimwacha Saumu kwenye njia ya juu, karibu na banda la kukaushia iliki, wakageuka haraka. Alikuwa amelala Ng'ambo siku mbili na saa kadhaa. Bi. Chausiku alikuwa uani na mtoto, mtoto analia kwa sauti iliyokwisha kukauka, maana yale maziwa ya ng'ombe alikuwa anayatema tangu siku ya kwanza. Saumu alipomsikia, kanga yake ikalowa papo hapo. Akapiga hatua mbili kuja, kisha akasimama mwenyewe, akajishika kifua.

"Shangazi," akaita. "Nisomee."

Mboza alikuwa amesimama katikati yao, hatua kumi kila upande. "Hakuna wa kukusomea, mwanangu. Wamekwisha."

"Nimelala na wale wanaokohoa. Najisikia mzima. Lakini wote husema hivyo, siyo?" Akaanza kulia. "Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe? Wewe ndiye msomaji. Sema."

Bi. Chausiku alimkumbatia mtoto kwa nguvu, macho yamemtoka, akimtazama mkwewe kama mtu anayetazama nyoka na mwanawe kwa pamoja. Mtoto akalia, akanyamaza kuvuta pumzi, akalia tena.

Mboza alikuwa anajua jibu tangu jana, njiani kutoka kwa Mbelwa. Alikuwa ameomba apate jingine. 

"Bi. Chausiku," akasema bila kugeuka, "mkamulie mbuzi, punguza kwa maji, mpe kwa kijiko kidogo kidogo. Atayazoea. Siku tisa tu. Na chakula tuwekeeni pale kwenye jiwe, mwondoke ndipo tuchukue."

"Tuwawekee nyinyi akina nani?" Bi. Chausiku akauliza.

Mboza alizipiga zile hatua kumi. Saumu alipoona anakuja akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagusa mlango wa banda.

"Usisogee, Shangazi. Utakufa."

"Huenda. Nikianza kukohoa kabla ya siku ya kumi, humgusi mwanao. Nikiwa mzima, unatoka mle ndani unamnyonyesha mbele ya kijiji kizima, na hakuna atakayekuuliza kitu."

Akafungua mlango. Ndani mlikuwa na giza la mchana na harufu ya iliki ya mwaka jana, na kitanda kimoja cha kamba. Wakaingia. Mboza akaufunga mlango kwa ndani, akaziba dirisha kwa gunia, kisha wakakaa kitandani, magoti yakigusana. Kule uani mtoto alikuwa bado analia.

Akausogeza uso wake mpaka ukawa karibu kabisa na wa binti yule, kifua kikimpiga kama cha mtu aliyekimbia mlima.

"Pumua, mwanangu," akasema.

Saumu akapumua, na Mboza akaivuta pumzi ile yote.